BSA M20 ya babu: ikilala wiki moja oili yote inashuka kwenye injini. Ni gololi, ni pampu au ni oili yenyewe?

#1 Kihamba_Marangu
Wakuu salaam. Nina BSA M20 aliyoniachia babu, cc 496, valvu za pembeni, mbele haina shokapu za bomba bali yale mavyuma yenye springi moja katikati. Babu aliinunua 1956 kwa mzungu wa shamba la kahawa, akaendea nayo kazini kufundisha miaka yote, halafu kuanzia 1983 ikalala bandani chini ya turubai. Mwaka jana nikaanza kuifufua. Nimeweka ringi, nimesaga valvu, magneto (kile kifaa cha kutoa cheche ya plagi) imezungushwa waya upya, inawaka kiki ya pili au ya tatu na mlio wake ukiusikia unasimama.
Tatizo ni hili. Nikiiacha wiki moja tenki la oili linakuwa tupu, oili yote iko chini kwenye injini. Kiki inakuwa nzito balaa, ikiwaka inatoa moshi wa bluu mtaa mzima na oili inamwagika kupitia bomba la kupumulia. Fundi wa kwanza kaniambia niweke oili nzito, wa pili kasema pampu imekufa, wa tatu kasema gololi. Mimi naona ni gololi, maana pampu nimeifungua meno yake mazima kabisa. Nani kashakutana na hii?

#2 Mkerezaji_Tanga
Hongera kijana kwa kuitoa bandani, wengi wanauza chuma chakavu. Ila hapo kwenye meno ya pampu umekosea. Hizi za Mwingereza za zamani oili haikai chini ya injini kama Boxer, inakaa kwenye tenki lake pembeni chini ya siti. Pampu ina pande mbili, upande mmoja unapeleka oili kwenye krenki, wa pili unafyonza iliyodondoka chini na kuirudisha tenki, na huu wa kurudisha una gia nene zaidi makusudi ili chini pabaki pakavu. Sasa tenki liko juu injini iko chini, pikipiki ikisimama kinachoizuia oili isiteremke ni vitu viwili tu, jinsi gia zilivyobanana ndani ya pampu, na gololi yenye springi iliyo mbele yake.
Oili haipiti kwenye meno, inapita ubavuni mwa gia, kati ya gia na kifuniko. Nafasi ya unywele inatosha ikipewa wiki nzima. Kwa macho huwezi kuiona. Mimi nasema pampu.

#3 Dogo_wa_Ubungo
Picha mkuu, uzi kama huu bila picha hapana. Halafu mimi nilidhani BSA ni baiskeli, kumbe hata pikipiki? Na si ndiyo hawa walihamia India wanatengeneza mpaka leo?

#4 Bullet_Muscat
Dogo unachanganya watu wawili. Iliyokwenda India ni Royal Enfield, kiwanda chake kilikuwa Redditch, na Bullet zikaanza kuunganishwa Madras mwaka 1955 kwa ajili ya jeshi lao. Kule kwao Uingereza kiwanda kikafa, India wakaendelea mpaka leo. BSA ni Birmingham Small Arms, watengeneza bunduki tangu 1861, ndiyo maana nembo yao ni bunduki tatu zimesimamishwa pamoja. Baiskeli za BSA nazo ni za kweli, na India ziliendelea kutengenezwa. Jina la BSA kwa upande wa pikipiki ndiyo juzi juzi kampuni iliyo chini ya Mahindra imelifufua, Gold Star mpya ikatoka 2021.
Nikirudi kwenye swali, Bullet yangu oili inakaa kwenye chumba ndani ya bodi ya injini yenyewe lakini ugonjwa huo huo unaipata nikiiacha wakati wa likizo. Mimi huwa napiga kiki mbili tatu kila baada ya siku chache hata kama siendi popote, shida inaisha.

#5 Nakuru_Twin
Hapo #2 sikubaliani nawe mzee, kwa heshima. Mimi niko na Triumph, 5T Speed Twin ya fifties. Triumph hawatumii gia, wanatumia vipistoni viwili vinapanda na kushuka, kila kimoja na gololi yake chini. Hakuna ubavu wa gia hapo wa kupitisha kitu, na bado yangu ilikuwa inashusha oili kila wiki. Nikaosha zile gololi, kwa kiti cha moja kulikuwa na kauchafu kadogo ka kama punje ya mchanga. Nikaweka gololi mpya, nikaigonga kidogo na kipande cha shaba laini ikae vizuri kwa kiti chake, nikatoa ile nikaweka nyingine mpya. Sahii inakaa mwezi mzima. Kwa hivyo mwenye uzi uko sawa, ni gololi.

#6 Mkerezaji_Tanga
@Nakuru_Twin hiyo ni Triumph. Unatibu mbuzi kwa dawa ya kuku.

#7 Nakuru_Twin
Haha mzee, oili ni ileile na gololi ni ileile.

#8 Dada_Bantam_Msa
Hamjambo. Mimi niko Mombasa na Bantam D7, cc 172, niliitoa kwa familia moja Changamwe ikiwa kwa magunia mawili. Nawasoma tu na kushukuru, maana Bantam oili unachanganya na petroli, tenki moja, hakuna cha gololi wala pampu. Wenye mapikipiki makubwa poleni.

#9 Dogo_wa_Ubungo
Bantam si ndiyo ile Waingereza waliiba kwa Mjerumani 1946?

#10 Dada_Bantam_Msa
Bantam ya kwanza, D1 ya cc 123, ilitoka 1948. Na neno kuiba si lenyewe. Michoro ya pikipiki ya Mjerumani, DKW RT125, ilichukuliwa baada ya vita kama sehemu ya fidia, na si Uingereza peke yake, Warusi walichukua, Harley-Davidson wakatoa yao, na Yamaha wa kwanza kabisa YA-1 naye alifuata mchoro huohuo. BSA waliigeuza tu kushoto kulia, gia ya mguu ikaja upande wa kulia kama Waingereza walivyozoea. Hiyo ndiyo ilinisumbua wiki ya kwanza, nikitaka breki nakanyaga gia.

#11 Mswahili_Birmingham
Wakuu nimechelewa kuuona huu uzi. Naishi Birmingham, si mbali na Small Heath kilipokuwa kiwanda cha BSA, sehemu kubwa ilishabomolewa. Novemba 1940 Wajerumani walikipiga bomu usiku na wafanyakazi 53 wakafa humo, na ndani ya vita hiyohiyo M20 zilitoka zaidi ya 120,000. Mkuu Kihamba tazama namba ya fremu, ikianza na WM20 basi ni ya jeshi hiyo kabla haijafika kwa mzungu wa kahawa.
Mimi nina BSA A10, silinda mbili cc 650, pampu ni ndugu yake na ya M20. Kabla hamjagombana, kuna magonjwa mawili hapa na dalili zake zinafanana. La kwanza oili inateremka pikipiki IKIWA IMESIMAMA, hilo ndilo mnalolizungumza. La pili oili hairudi pikipiki IKIWA INATEMBEA, kwa sababu kwenye bomba la kufyonza kule chini ya injini kuna gololi nyingine, hii hamjaitaja, nayo hunata kwa oili iliyoganda. Ukiweka pikipiki iliyolala toka 1983 hiyo gololi lazima uitilie shaka. Fungua ile sahani ya chini, ingiza waya laini kwenye bomba, isukume juu, inatakiwa ipande na ianguke yenyewe. Ukisikia imekwama umepata.
Kipimo ni rahisi. Iwashe ipate moto, fungua kifuniko cha tenki utazame ule mrija wa kurudishia. Ikirudi inatema tema imechanganyika na hewa, chini ni pakavu, safi. Ikirudi mfululizo bila hewa hata baada ya dakika kadhaa, chini bado kuna oili. Isiporudi kabisa zima haraka sana.

#12 Kihamba_Marangu
Asante sana mkuu #11. Nimekimbilia bandani na tochi, ni WM20 kweli. Nimekaa chini pale nikaitazama. Babu hakuwahi kutuambia kama ilikuwa ya vita, labda hata yeye hakujua.
Nitapima kesho.

#13 Meru_Rider
Jamani mnazunguka sana. Weka koki kwenye mpira wa oili chini ya tenki, ukizima unafunga, ukiwasha unafungua. Shilingi elfu chache tu.

#14 Arusha_Chuma
USIWEKE KOKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu yalinikuta. Fundi mmoja aliniwekea koki kwenye pikipiki yangu ya Matchless, nikaizoea miezi minne, siku moja nimechelewa msibani nikapiga kiki nikaondoka bila kuifungua. Sikufika mbali, ikaanza kulia kama sahani zinasuguliwa, ikashika. Krenki ikaenda, konrodi ikaenda, mwaka mzima nikawa natafuta vipuri. Mpaka leo nikiiona koki kwenye pikipiki ya mtu natafuta mwenyewe niongee naye.

#15 Meru_Rider
Pole sana. Ila hapo kosa ni kusahau siyo koki. Kuna zile zenye swichi, ukifunga oili na magneto inazimwa, haiwaki mpaka ufungue.

#16 Arusha_Chuma
Na swichi ikifa? Waya ukikatika ndani? Mimi naona bora oili ishuke. Moshi haujawahi kuua krenki.

#17 Mswahili_Birmingham
Huku wanauza pia valvu ya gololi ya kuweka kwenye mpira, inafunguka yenyewe pampu ikivuta. Wanaoitumia wanaisifu, wanaoichukia wanasema pampu iliyochoka haina nguvu ya kuifungua, yaani mgonjwa mwenye hiyo shida ndiye dawa haimfai. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya hili kwenye gulio la vipuri mpaka chai ikapoa.

#18 Kihamba_Marangu
Nimerudi na majibu. Nilichora kijiti alama. Jana saa 12 jioni nimezima ikiwa ya moto, leo saa 12 asubuhi imeshuka vidole viwili. Kutwa nzima ya leo ikashuka kidole kimoja tu. Ile gololi ya chini #11 inapanda na kushuka vizuri, na ikiwaka inarudi kwa kutema tema. Kwa hiyo inashuka ikiwa imesimama.

#19 Mama_Oili
Usiku vidole viwili mchana kimoja? Hapo pana jibu tayari. Ulipozima oili ilikuwa ya moto, nyepesi kama maji, ikakimbia. Ilipopoa ikawa nzito ikapunguza mwendo. Unatumia oili gani?

#20 Kihamba_Marangu
20W50 dada.

#21 Mama_Oili
Jaribu SAE 50 moja kwa moja, isiyo na namba mbili. Hizi injini zilichorwa kabla ya oili za namba mbili kuenea. Hiyo 20W ya mbele ina maana ikiwa baridi haiwi nzito kama SAE 50, na huko kwenu chini ya mlima usiku kuna baridi ya kweli, kwa hiyo pikipiki inalala na oili nyepesi kuliko inavyotakiwa usiku kucha.

#22 Mkerezaji_Tanga
Mama Oili anasema kweli lakini ni sawa na kuziba paa kwa kuomba mvua isinyeshe. Tundu liko palepale. Na SAE 50 alfajiri ya Marangu hiyo kiki utaijua.

#23 Mama_Oili
Mzee wangu wewe uko Tanga kwenye joto, kiki za Marangu umezijulia wapi? 😀

#24 Mkerezaji_Tanga
Nilioa huko.

#25 Kaka_wa_Unguja
Naomba kudandia uzi. AJS yangu cc 350 inawaka vizuri, baada ya nusu saa inazima, haiwaki mpaka ipoe. Nimebadili plagi mara tatu.

#26 Nakuru_Twin
@Kaka_wa_Unguja hiyo ni magneto. Kondensa ya zamani ikishika moto inakufa, ikipoa inafufuka. Ama ile vanishi ya kuzungushia waya imeyeyuka ndani kwa joto. Usiguse kabureta kabisa, watu hupoteza mwezi mzima hapo.

#27 Kaka_wa_Unguja
Shukran sana, nilishaanza kuifungua kabureta. Nairudisha sasa hivi.

#28 Dogo_wa_Ubungo
Swali la mtu asiyejua. Hizi nati za hizi pikipiki mbona spana namba 13 haiingii na 14 inacheza? Mjomba ana Triumph, nimejaribu kumsaidia nimekula kichwa cha nati.

#29 Mkerezaji_Tanga
Pole na mjomba pia pole. Hizo zinataka spana za Whitworth, fundi wa Kiingereza aliyepanga vipimo vya skrubu mwaka 1841. Namba iliyoandikwa kwenye spana yake ni unene wa bolti, siyo upana wa kichwa, kwa hiyo ya robo inchi kinywa chake kina milimita 13.3, ndiyo maana yako inagoma na kucheza. Ongeza kuwa pikipiki zilikuwa na nyuzi zao za baiskeli, nyuzi 26 kwa inchi, ukiingiza bolti ya kisasa itaingia mizunguko miwili itakamata halafu utalia. Tafuta seti ya Whitworth kwa mafundi wazee waliokuwa reli au viwanda vya katani, wengi bado wanazo. Usiguse tena pikipiki ya mjomba na spana ya 14.

#30 Dogo_wa_Ubungo
Sawa mzee, nimekoma. Sasa kama zilikuwa nzuri hivi kwa nini viwanda vyao vilikufa?

#31 Bullet_Muscat
Honda CB750, mwaka 1969. Silinda 4, inawashwa kwa kitufe, breki ya diski mbele, na haivuji. Mchezo ukaisha.

#32 Mswahili_Birmingham
Si hivyo tu. BSA na Triumph walikuwa na zao za silinda 3 sokoni tangu 1968, kabla ya Honda. Mashine za viwandani zilichakaa, faida haikurudi kwenye mitambo, wakubwa wakaona pikipiki ndogo waachiwe Wajapani. Ulipofika 1973 BSA ikamezwa, na Triumph wa Meriden wakaambiwa kiwanda kinafungwa. Wafanyakazi wakakikalia, wakakataa kutoka, baadaye wakakiendesha wenyewe kama ushirika mpaka 1983. Mimi nikiendesha A10 nawafikiria wale.

#33 Dada_Bantam_Msa
Na waliomwachia Mjapani pikipiki ndogo ndio waliokuwa na Bantam mkononi. Inaniuma kila nikifikiria, wangeiboresha tu.

#34 Mwalimu_Lugha
Nimeingia kwa sababu ya neno pikipiki. Mlio wa hizi silinda moja, piki-piki-piki, ndio uliozaa jina. Injini ya siku hizi haiwezi kuzaa neno hilo.

#35 Kaka_wa_Unguja
Huku wazee walisema tukutuku. Na M20 ya mwenye uzi kwa cc 496 na valvu za pembeni nina hakika inasema tuku-tuku, haisemi piki.

#36 Dada_Bantam_Msa
Bantam inasema piki. Ushahidi ninao uani.

#37 Kihamba_Marangu
Ya babu inasema tuku, nimetoka kuisikiliza sasa hivi kwa ajili yenu.

Nimerudi na taarifa wakuu, samahani nimekaa kimya wiki kadhaa. Nimemfuata mzee #2. Nimeifungua pampu, bodi yake ni ile zinki laini, nimeweka pesti ya kusagia valvu juu ya kioo cha dirisha nikasugua uso wa bodi polepole kwa mzunguko wa namba nane mpaka gia zikawa sawasawa na bodi, zinazunguka kwa kidole lakini kwa uzito. Nikaosha kwa petroli mara tano. Wakati wa kufunga nikakaza kidogo kidogo kwa zamu, mzee alinipigia akaniambia ukilazimisha bodi inapinda. Matokeo: siku 21 imesimama, tenki limeshuka chini ya nusu kidogo. Kabla ilikuwa wiki moja tupu! Nina furaha siwezi kueleza.

#38 Mkerezaji_Tanga
Umefanya kazi ya fundi. Pampu. Nilisema.

#39 Nakuru_Twin
Ngoja kidogo. @Kihamba_Marangu ulipofungua hapo uliweka gololi ileile ama mpya?

#40 Kihamba_Marangu
Mpya. Na springi mpya. Nilikuwa nimeshafungua, nikaona niweke tu.

#41 Nakuru_Twin
EHE! Gololi mpya, springi mpya, halafu sifa ziende kwa pampu?

#42 Mama_Oili
Na oili uliweka ipi?

#43 Kihamba_Marangu
SAE 50 dada, ulivyoshauri.

#44 Mama_Oili
Asante, sina la kuongeza.

#45 Mkerezaji_Tanga
Kijana umebadili vitu vitatu siku moja. Mimi bado najua ni pampu kwa sababu nimezisugua nyingi, lakini kwa ulichofanya huwezi kumnyamazisha mtu hapa.

#46 Mswahili_Birmingham
Gololi ya zamani uliitupa?

#47 Kihamba_Marangu
Sijatupa kitu chochote cha babu. Ipo kwenye kopo na springi yake.

#48 Nakuru_Twin
Basi irudishe, oili ibaki SAE 50, pampu usiiguse. Uizime ikiwa moto, saa 12 jioni kama ile siku ya kwanza, na kijiti kilekile.

#49 Kihamba_Marangu
Naifungua Jumamosi. Tukutane hapa baada ya siku 21.

#50 Arusha_Chuma
Nasubiri hapahapa. Koki usiweke.